Kiti cha Dereva Nilichokitengeneza Mwenyewe

Marafiki, leo nimepata aibu mchana kweupe, barabara ya Kasapa hapa Lubumbashi, watu wakitazama. Naandika haraka ili mnisikie mimi kabla hamjamsikia jirani.

Gari langu mnalijua. Dogo, la mlango wa nyuma, limezeeka, limetoka Japani na usukani wake kulia. Wengi mlinishauri niliuze. Mimi hulitengeneza. Sikusomea ufundi, nimejifunza kwa vitabu na video, polepole, na sifungui kitu kabla sijaelewa kinavyofanya kazi. (Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisifu hadi leo asubuhi.)

Juzi mgongo wa kiti cha dereva ulianza kulegea. Nikakifungua. Meno ya chuma yanayoukamata mgongo usianguke yalikuwa yamelika, laini kama fizi. Kiti kingine cha aina ile sikupata. Basi nikatoboa chuma upande huu na upande ule, nikapitisha bolti, nikakaza. Bolti zenyewe zilitoka kwenye kitanda cha zamani cha watoto. (Nilijiambia: kama zilibeba watoto wakirukaruka, zitanibeba na mimi.) Nikakaa. Nikaegemea. Nikajirusha nyuma kwa nguvu. Kiti kimya! Nikaosha mikono.

Sasa leo. Leo ilikuwa siku ya mama mkwe.

Mama wa mke wangu ni mjane, anaishi peke yake Mwene-Ditu. Zamani aliishi Likasi, na Kiswahili chake bado kizima. Amekuja kumtembelea dada yake mtaani Kasungami, na tangu afike mke wangu anamwomba ahamie kwetu moja kwa moja. Chumba kipo. Anakataa. Kwetu sisi watu wa Kasai, mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani: hatupeani mkono, hatuli meza moja, hatutazamani usoni. "Nitalala namna gani mu nyumba ya mukwe?" Ndilo jibu lake kila mara. Ila jambo moja alikubali: leo, baada ya ibada, aje akione chumba. Nami nimlete.

Asubuhi mke wangu akanishika shati.

"Papa Béa, leo usilete mambo. Akiona heshima yako, atabakia. Asipoona, atarudia kule, na kule hakuna hata muntu wa kumuchotea mayi."

Nikapanga kama ninavyopanga kila kitu. Mama akae wapi? Mbele, karibu nami? Haiwezekani. Nyuma upande wa kushoto? Nikigeuka kidogo tu namwona. Basi nyuma ya kiti changu kabisa! Pale hatuonani. Kioo cha ndani nikakielekeza kwenye dari. Mto wa kichwa wa kiti changu nikaung'oa, mama apate kuona barabara. (Makosa yote ya leo, marafiki, niliyafanya kwa heshima.)

Tulianza vizuri. Kasungami nikamsalimu nimeinamisha kichwa, naye akaitikia akitazama ukuta. Akaketi nyuma yangu, mkoba mapajani. Mke wangu akakaa mbele kushoto, mahali pake pa kazi. Maana hapa tunapita upande wa kulia, na usukani wangu uko kulia vilevile, kwa hiyo nikiwa nyuma ya lori sioni kinachokuja. Yeye ndiye macho.

"Ngoja. Ngoja. Camion inakuya... Sasa, pita!"

Nikapita. Nyuma nikasikia sauti ya mama, kwa binti yake, taratibu: "Bwana yako anaendesha muzuri."

Hakunisemesha mimi. Lakini nilisikia! Mke wangu akanitupia jicho lenye furaha ambayo sijaiona siku nyingi. Nikajiona mkwe bora wa Lubumbashi nzima.

Tukafika karibu na chuo kikuu. Polisi wa barabarani akajitokeza ghafla, mkono juu, ili wanafunzi wavuke. Mimi nilikuwa bado kwenye sifa zangu.

"Frein! Papa Béa, frein!"

Nikakanyaga breki kwa miguu miwili. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna video iliyonionyesha: anayekanyaga breki kwa nguvu zote huusukuma mgongo wa kiti kwa nguvu hizohizo.

Gari likasimama. Kiti hakikusimama.

Ta! Bolti ya kwanza. Ta! Ya pili. Nikaona dari, nikaona kioo nilichokigeuza, kisha nikamwona mama mkwe. Kichwa changu kilikuwa kimetua juu ya mkoba wake, mapajani mwake, miguu yangu ikielea mbele. Miaka yote ya ndoa sijamtazama usoni. Leo nimeona hadi ndani ya matundu ya pua!

Naye alikuwa akinitazama. Mikono ameiinua juu, kama mtu aliyeletewa mtoto asiye wake.

Nikajaribu kuinuka. Mkanda ukanibana. Miguu ilikuwa imeachia breki, gari likaanza kutambaa kuelekea kwa wanafunzi. Mke wangu akavuta breki ya mkono na kupiga kelele kwa Kiluba maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Polisi akaja dirishani kwake kumtafuta dereva.

"Mama, chauffeur iko wapi?"

"Iko nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Pale. Mu mapaja ya mama."

Akainama, akanitazama muda mrefu. "Papa, uko unalala?"

"Hapana, chef. Kiti imevunjika."

"Na huyu mama ni nani?"

Mama akageukia dirisha. Mke wangu akajibu kwa sauti ndogo: "Ni mama yangu, miye."

Polisi akafikiria. Nikaona uso wake ukibadilika. Akavua kofia.

"Mama-mukwe? Yesu! Papa, uende tu. Mi siwezi kukuandikia amende. Ile utalipa kwa bakwe inaenea." (Yaani faini nitakayotozwa na wakwe inatosha.)

Wanafunzi wakashangilia. Mmoja alikuwa na simu mkononi. (Ukiiona video hiyo, mimi ni yule mwenye soksi za bluu.)

Njia iliyobaki niliendesha nimekaa wima bila mgongo, nimeng'ang'ania usukani. Mke wangu alikataa kabisa kusema "pita". Tukafuata baiskeli iliyobeba mkaa hadi nyumbani, na kila nilipochungulia nilimwona akifuta macho.

Tulipofika, mama akaingia kuona chumba. Mimi nikabaki nje, nikishika kile kiti kama mtu anayemshika mgonjwa. Wakakawia. Kisha nikasikia kicheko. Si cha mke wangu.

Mke wangu akatokea mlangoni. "Mama anasema ulete kuku. Ya kutengeneza ile ya leo." Kwetu aliyevunja mwiko wa mkwe hulipa mnyama, mambo yakaisha.

"Kuku? Nitaleta hata mbuzi!"

Ndipo mama mwenyewe akatoka, akasimama nyuma ya binti yake, akatazama pembeni kama desturi inavyotaka, lakini maneno yalikuwa yangu.

"Kuku inaenea. Ile kitu niliogopa miaka yote, imekwisha kufanyika. Kichwa yako nimekwisha kuibeba. Sasa nitaogopa nini tena mu nyumba yako?"

Mke wangu akalia pale pale mlangoni, safari hii vizuri. Mabegi ya mama yanaletwa kesho kutoka Kasungami. Kwa gari la jirani, amesisitiza.

Basi anayetaka kucheka acheke taratibu. Mama yuko chumba cha pili anapumzika, masikio yake ni makali, na mimi bado natafuta kuku.