Kichwa Changu na Joka la Anyosisye

Mwaya, Jumatatu, 6 Machi 1911

Kwako Naomi,

Tangu tukuzike, mwanetu Anyosisye hasemi na mtu. Anasema na joka! Eti linakaa migombani, nyuma ya chungu cha mwisho ulichofinyanga. Jana alilipungia mkono, likakimbia. Leo amejifunza. Amechutama kando ya njia na kuligeuzia mgongo, kama mke anavyomwepuka baba mkwe. Likasogea. Mimi sikuona joka, niliona uso wa mtoto ukitulia. Akili hiyo hakuitoa kwangu.

Dada yako Veronika amefika. Amesema, shemeji, mtoto asiponena kufikia Jumapili nampeleka kwangu Ikombe. Tena amesema wali wangu umeungua. Kweli ulikuwa umeungua.

Jumanne

Mpango! Nimelihonga joka ndizi ili liniombee kwa mtoto. Mbuzi wa jirani Sadoki amezila zote. Sadoki ameniuliza kama majoka yote ya kwetu hulia mee.

Alhamisi

Mpango bora! Joka likiamuru, mtoto atatii. Nikaingiza kichwa chunguni mwako, nikanguruma: Anyosisye, sema na baba yako! Sauti ya kutisha. Kichwa kikagoma kutoka.

Sadoki akaleta jiwe. Nikakataa, nikiwa mle ndani. Pua yangu ilikuwa imegusa alama za vidole vyako, Naomi. Kivunjwe chungu? Afadhali nizeeke humo.

Mtoto akaja na mafuta ya nyonyo. Akanipaka masikio, taratibu, kama mtu mzima. Kichwa kikateleza nje, chungu kizima. Akasema na mimi, baba yake! Tata, umeliudhi joka. Mgeni hapigi kelele. Unakaa, unageuka, unangoja.

Veronika alicheka mpaka akakaa kwenye tope.

Ijumaa

Tumeligeuzia joka mgongo, mimi na mtoto. Muda mrefu. Kisha akasema joka linauliza kama mama aliimba akifinyanga. Nikajibu aliimba, tena vibaya sana. Akacheka. Akalia. Nami pia.

Veronika amepanda mtumbwi peke yake. Ametuachia samaki, na maelekezo ya kupika wali.

Jumapili, 12 Machi

Anyosisye hanyamazi! Mtoto wa ajabu. Sasa nimeelewa kilichomponya: ni kule kunguruma kwangu. Nimeazima chungu cha pombe cha Sadoki, chenye mdomo mpana zaidi kidogo. Kesho joka litamwamuru anawe miguu kabla ya kulala.

Unikumbuke, Naomi. Hasa kesho jioni.