Miwani Inayoona Mashavu

Jumatatu, 3 Machi
Miwani imefika! Inaonyesha joto tu. Baridi ni bluu, moto ni mwekundu. Muuzaji kaapa kwamba mdomo unadanganya, mashavu hayawezi. Ndicho nilichokuwa nakitafuta. Hapa kwa dobi wapiga pasi ni wawili, mimi na Kipara, na sote tunammezea mate fundi cherehani wa dirishani. Kipara kampelekea chai. Uso wa fundi bluu tupu. Pole yake. Nikapita mimi, nikainama kuokota kibanio, nikasikia kitu kikichanika nyuma yangu. Shuka la mteja, bila shaka. Nilipoinuka, mashavu ya fundi yalikuwa yanawaka kama pasi. Kwangu kazi imekwisha.

Jumanne, 4 Machi
Ubaya wa miwani, haisomi namba za kwenye nguo. Nimempa askari gauni la bibi harusi, akaondoka nalo bila kufungua mfuko. Bosi kauliza kama naumwa macho. Nikamjibu naona kuliko yeye. Nikageuka, fundi yuko nyuma yangu, mwekundu hadi masikioni. Akasema ana jambo la kuniambia ila anaona haya. Nikamwambia nalijua, asijisumbue.

Jumatano, 5 Machi
Nimekunja paka. Alilala kapuni, ana joto lile lile la shati lililotoka kwenye pasi. Mkono wa kwanza alivumilia. Wa pili akanikwaruza pua. Watu wameangua kicheko. Fundi kakimbilia uani, uso unawaka moto. Mapenzi yamemzidi, maskini. Nasikia Kipara naye anajipanga kuposa. Lazima nimuwahi. Nimempigia simu mjomba.

Alhamisi, 6 Machi
Mjomba kaja na suti ya kuazima. Akamweleza fundi kwamba mpwa wake ni kijana anayeona mbali. Fundi akajifunika uso kwa viganja. Mjomba akanitazama, akaniambia nigeuke. Nikageuka.

Suruali yangu ya kazi imepasuka nyuma tangu Jumatatu.

Fundi akasema taratibu kwamba kila nikipita alikuwa anakufa kwa aibu, na hakujua aanzie wapi kuniambia. Kuhusu posa, tumsamehe, yeye na Kipara wameshakubaliana. Nikamuuliza mbona kwa Kipara uso wake unapoa. Akasema kwa Kipara anatulia. Iliniuma, sitaficha. Akaniomba suruali aishone.

Ijumaa, 7 Machi
Suruali imerudi. Nikavaa miwani niikague. Juu ya kiraka pana alama za viganja viwili, bado nyekundu! Mtu asiyekupenda hawezi kukumbatia kiraka chako namna hiyo. Kipara anadai viganja ni vyake, eti ndiye aliyeikunja na kuniletea. Wivu tu huo.

Nimempigia mjomba. Nimemwambia suti asiirudishe kwanza.