Kiwiko Changu na Ndoo za Bwana Mselem

Jumatatu, 6 Machi 1967
Mtihani wa kupiga chapa ni Ijumaa. Kati yangu na Kamau, atakayeshinda atakuwa karani mkuu hapa Lamu. Kamau hutumia vidole kumi. Mimi viwili, na kimoja kizito. Saa nne nikapata wazo: kiwiko! Nikakishika, nikagumia. Bwana Rufus, mkubwa wetu, mtu wa bara kama mimi, akasema ataahirisha mtihani nikileta barua ya mjuzi wa viungo. Kamau akanipa pole. Mnafiki!

Jumanne, 7 Machi
Nimekwenda kwa Bwana Mselem wa Mkomani, anayenyoosha viungo vya mji mzima. Akanipaka mafuta ya simsim, akauliza panauma wapi. Nikasema pote. Akauvuta mkono, akaupindua, kiwiko kikalia ko! Nimeona nyota mchana. Sasa kinauma kweli. Sikupanga hivyo. Barua, akasema, baadaye. Mlangoni akaniaga: "Ndoo kesho." Ndoo? Labda ya kuchovya mkono. Nimenunua mpya, ya bati.

Jumatano, 8 Machi
Nimepeleka ndoo. Bwana Mselem aliitazama, akanitazama mimi, akashukuru sana, akamwita mkewe aipokee. Maji hayakutiwa. Akanivuta tena. Punda wa jirani aliitikia yowe langu. Barua bado. Nikitoka, yale yale: "Ndoo kesho." Ya pili! Anatibu huyu, au anafungua duka? Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Alhamisi, 9 Machi
Madukani ndoo zimekwisha. Nikakumbuka zile nyekundu za mchanga, zilizotundikwa misumarini barazani mwa ofisi, za kuzimia moto. Tangu nihamie hapa hakijaungua kitu ila wali wangu. Nikamwaga mchanga, nikachukua mbili, ya pili ya kuharakisha barua. Imeandikwa palepale! Mkono wa Bwana Wanyama, yaani mimi, usiguse kazi siku thelathini. Nimeibusu.

Ijumaa, 10 Machi
Asubuhi Kamau alinicheka njiani mpaka akakaa chini. Ati watu wa hapa njia huita ndia, njaa huita ndaa, na "ndoo" ni njoo tu. Bwana Mselem alikuwa akiniambia nirudi! Na sasa anausifia mji mzima ukarimu wa watu wa bara. Nimeona haya. Lakini Kiamu chao nimekijua, sidanganyiki tena.
Nikafika ofisini na barua yangu. Bwana Rufus alikuwa barazani, anatazama misumari mitupu. Barua hakuisoma. Akaninyooshea kidole, akapaza sauti: "Ndoo!" Nikaja. Akarudia: "Ndoo, Wanyama!" Nikasogea mpaka viatu vyetu vikagusana. Nikamweleza kwa adabu kwamba nimeshakuja, na siwezi kuja zaidi ya hapo. Kamau alilazimika kukimbilia ndani.

Jumamosi, 11 Machi
Kamau ndiye karani mkuu. Bwana Rufus hakuahirisha mtihani; Kamau aliufanya jana peke yake, kiwiko changu kikiuma kweli. Nimelia kidogo, sioni haya kuandika. Cheo kile nilikitaka sana.
Mtihani mwingine ni Septemba. Miezi sita, mtu aweza kujifunza vidole vyote kumi. Nimelifikiria hilo kwa muda mfupi. Lakini nasikia kisiwani Ndau, hapa jirani, yuko fundi hodari wa magoti, na wenyeji wa huko, naamini, husema Kiswahili kama changu. Goti limeanza kuniuma tangu asubuhi. La kulia. Au la kushoto, nitaamua kesho.