Hela ya Mabati na Mashine ya Kufulia

Jumatatu, 3 Machi

Daftari, hujambo? Shajara sijawahi kuandika. Najua barua tu, basi nianze kama barua. Mimi sijambo, ila moyo unanidunda. Baba Mapacha hajambo, yuko safarini na lori, atarudi Jumapili. Mapacha hawajambo. Mmoja anakohoa, mwenzake anakohoa kwa kumuiga. Mama mkwe hajambo, isipokuwa mgongo. Kuku hawajambo. Mama Povu anayetufulia nguo hajambo, masikini, hajui kinachomjia. Jirani yetu Mama Dishi anakusalimu. Hapana, hakusalimu. Yule hasalimu mtu tangu awe wa kwanza mtaani kuweka dishi juu ya paa.

Sasa siri. Nimenunua mashine ya kufulia! Ya mtumba, lakini ina mlango wa kioo. Hela nimetoa wapi? Hela ya mabati. Baba Mapacha aliniachia ninunue mabati na kumwita fundi ayapigilie kabla ya mvua, maana paa linavuja juu ya kitanda chetu, upande wake yeye. Lakini mimi nimepiga hesabu. Niliishia darasa la nne, na hesabu ndiyo niliyokuwa naiweza. Tukiacha kumlipa Mama Povu, hela ya mabati inarudi yenyewe, tena na nyingine juu yake! Mvua bado kabisa. Mbingu nyeupe kama sahani.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia Mama Povu apumzike. Akauliza amekosa nini. Nikamwambia hajakosa kitu, ni maendeleo. Akanipa pole. Nikashindwa kuvumilia, nikampa mayai yote ya leo.

Mashine tumeiweka chumbani kwetu, kando ya kitanda, maana soketi nzima nyumba hii ni hiyo moja. Fundi umeme amekuja kuiwasha. Akauliza bomba liko wapi. Nikamuuliza bomba la nini. Alicheka mpaka akakaa chini! Sasa mimi ningejuaje? Jokofu la Mama Dishi linatengeneza barafu lenyewe, nikajua na hii inajitegemea. Bomba letu liko uani, na maji hutoka Alhamisi, yakipenda.

Jumatano, 5 Machi

Akili haishindwi! Nimevuta kile kisanduku cha sabuni kilicho juu ya mashine nikamimina maji humo humo, kikombe baada ya kikombe. Nguo zikazunguka. Nikalia kwa furaha.

Halafu ikaanza kutembea. Kweli tena! Ilipofika kwenye kukamua ikatetemeka, ikaondoka ukutani ikielekea mlangoni kama mgeni aliyekosewa adabu. Nikapiga kelele. Mama mkwe akaja, akaikalia. Ikatulia. Mama mkwe naye akatulia, akafumba macho. Akasema mgongo wake haujawahi kupata mkono wa namna hii, na nisimsemeshe.

Katikati ya raha yake umeme ukakatika. Uniti za mwezi mzima, kwisha! Na mlango wa kioo ukajifunga, sare za mapacha zikiwa ndani. Naziona. Zinaniangalia.

Alhamisi, 6 Machi

Wanangu wameenda shule na fulana za baba yao, zinagusa magoti. Mwalimu mkuu akawauliza sare ziko wapi. Wakasema zimefungiwa. Akawauliza zimefanya kosa gani! Mama yao nilitamani ardhi inimeze.

Nimemuuzia Mama Dishi kuku wawili ili ninunue umeme. Hakukosa la kusema. Akauliza, mtaa mzima ukisikia, kama mashine yangu inafua nguo au inaziweka rumande. Nikaondoka kwa maringo. Kandambili ikakatika njiani.

Maji ya bomba hayakupenda. Ikabidi nimwendee Mama Povu aniletee ya kisimani. Amekubali, kwa malipo mara mbili ya yale ya kufua. Nikamuuliza kwa nini, shoga yangu. Akasema kufua alikuwa ananifulia mimi, ila maji anaichotea mashine, na mashine si rafiki yake.

Ijumaa, 7 Machi

Umeme umerudi, mlango umefunguka, sare zimetoka. Mama Povu ameleta ndoo, amekunywa chai, amecheka, ameenda na hela yake.

Simu! Baba Mapacha kashusha mzigo mapema, anaingia kesho. Akauliza kama paa limeshughulikiwa. Nikamwambia chumba kimebadilika sana. Si uongo. Mbingu sasa nyeusi kama sufuria. Ee Mungu, mume wangu ana kifua kibovu, akilowa usiku mmoja anaugua wiki. Nimefanya nini mimi?

Jumamosi, 8 Machi

Kaja. Kaiona. Akaizunguka, kama anavyolizunguka lori kabla ya safari. Akakaa kitandani, upande wake, akauliza kwa upole mabati yako wapi. Afadhali angefoka! Kabla sijafungua mdomo, mvua ikafungua wa kwake. Tone la kwanza, kisogoni mwake. La pili, sikioni.

Akasukuma kitanda pembeni. Mimi kwa woga nikachomoa waya, nikaisukuma mashine pale kilipokuwa kitanda, angalau nionekane nafanya kitu. Kisanduku kilikuwa wazi. Maji ya paa yakaingia ndani yake moja kwa moja, cho cho cho, hata tone halikukosea!

Tukabaki tunatazama, sote. Baba Mapacha akachukua mkeka akaenda kulala sebuleni, kukavu. Baada ya kitambo akachungulia mlangoni, akauliza kwa sauti ndogo kama imejaa. Nikasema inakaribia.

Jumapili, 9 Machi

Ameondoka tena na lori. Ameacha hela nyingine ya mabati, ila safari hii kampa mama yake, maana mimi, anasema, sina breki. Akamwapisha: mabati, mabati, si kingine!

Lori halijakunja kona, mama mkwe kaniita. Kaniuliza paa likizibwa, maji ya mashine yatatoka wapi, na mgongo wake atamwachia nani. Nikaona huyu mama ana akili. Tumepiga hesabu wawili. Wenye migongo mtaa huu ni wengi, na watalipa kukaa. Kwa hiyo tumenunua mashine ya pili! Tumeagiza imfikie Mama Dishi machoni kwanza, ipitie mbele ya geti lake.

Kinachonisumbua ni kimoja tu. Hii ya pili itakaa upande wangu wa kitanda, na upande wangu paa halivuji. Nyundo ninayo, msumari ninao. Nitoboe, au nisubiri? Wasalimie wote huko uliko, Daftari, na nijibu haraka. Mawingu yameanza kukusanyika.