Chachu Iliyoongezeka Bila Kibali

TANGAZO KWA WAKAZI WOTE WA VILAR DOS FORNOS, wanaosikia na wanaojifanya hawasikii: kuanzia Jumatatu hii, mkate wenu si chakula tena. Mkate wenu ni turathi. Hongereni sana.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa kanisa, juu ya ratiba ya misa, na mhuri wake ulikuwa mkubwa kama kisosi. Aliyeliandika, akalisoma, akalipenda, akarudi kulisoma tena, ni Evaristo Quintela, Mkurugenzi wa Makumbusho ya Mkate na Divai. Mtoto wa palepale kijijini, mama yake Palmira, baba yake tarishi. Alikwenda Coimbra kusoma akarudi Daktari. Si daktari wa sindano. Wa makaratasi. Lakini mtu akisharudi na udaktari, hata wa makaratasi, wazee wanavua kofia, na Evaristo alikuwa anapita uwanjani mara nne kwa siku ili kofia zivuliwe za kutosha.

Makumbusho yenyewe yalikuwa hayajafunguliwa. Jumapili angekuja mkaguzi kutoka mji mkuu, Lisboa, na mizani yake. Akikuta kila kielelezo kiko sawasawa na kilivyoandikwa kwenye rejesta, utepe unakatwa, na Evaristo anahamia Lisboa kuwa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Turathi Zinazolika. Cheo kina ofisi inayotazama mto Tejo na kiti kinachozunguka. Evaristo alikuwa amekiwaza kile kiti mpaka akapata kizunguzungu.

Kilichobaki ni kielelezo namba 14. Chachu.

Sasa, Vilar dos Fornos wanawake wanne ndio waliokuwa wanaoka, na wote walitumia chachu moja. Ilitembea nyumba hadi nyumba kwenye kibakuli, aliyeoka leo anambakizia wa kesho, na ilikuwa inatembea hivyo kabla hata reli haijafika bondeni. Wiki hiyo zamu ilikuwa ya Bi Deolinda, mwenye umri wa miaka sabini na mikono kama ya fundi ujenzi. Evaristo akamfuata tanuruni na rejesta yake kwapani.

"Chachu yangu ya nini?" Bi Deolinda akauliza. "Nimepewa na mama mkwe. Naye alipewa na wa kwake."

"Ndiyo maana tunaichukua. Ina historia."

"Na kesho nitaoka na nini? Na historia?"

"Bi Deolinda, Kanuni ya Nne inasema kielelezo lazima kiwe cha pekee. Nikiacha hata kijiko kimoja nje, cha ndani kinakuwa nakala."

"Basi chukua kijiko, mimi niachie kibakuli."

"Hapana. Na beseni la kukandia pia nalichukua. Kanuni ya Tisa: kitu chochote ambacho kisipokuwepo kielelezo hakiwezi kuendelea, kitahesabiwa kuwa sehemu ya kielelezo, na hakitahamishwa kamwe." Akafunga kitabu kwa fahari. "Hiyo nimeitunga mwenyewe."

"Evaristo, we mwana wa Palmira, nimekufuta makamasi kwa aproni hii hii!"

Evaristo akaitazama aproni. Akafungua tena kitabu.

"Na aproni," akasema.

Ikaingia kwenye kabati la kioo: chachu, beseni, kitambaa cha kuifunikia, aproni. Kibandiko kikaandikwa kwa mwandiko mzuri: uzito gramu 1,200, kimo sentimita 11. Evaristo akafunga kwa ufunguo, akaenda kujaribu tai ya Lisboa.

Jumanne asubuhi kimo kilikuwa sentimita 19.

Evaristo alipima mara tatu. Akapima na rula nyingine, maana ile ya kwanza ilikuwa ya mkoa na mkoa huwezi kuuamini. Kumi na tisa. Chachu ilikuwa imepanda usiku kucha, imesukuma kitambaa, sasa imebandika shavu kwenye kioo inamtazama. Akafanya anachofanya kiongozi yeyote makini. Akaiandikia barua: *Kielelezo namba 14 kimeongezeka bila kibali. Kipewe onyo.* Akaibandika ile barua kwenye kioo, upande ambao chachu ingeweza kuisoma.

Ilifanya kazi! Jumatano chachu ilikuwa imeshuka. Imeshuka mpaka sentimita saba, imekuwa ya kijivu, imeota ngozi juu, na inanuka kama soksi za mwendesha baiskeli. Uzito, gramu 1,112.

Kama vile haitoshi, Mzee Zeferino, mlinzi wa divai, naye akaja na lake. Pipa la divai tamu, kielelezo namba 3, lilikuwa limepungua.

"Limepunguaje, Mzee? Nani amekunywa?"

"Malaika, Daktari."

"Malaika?"

"Divai ikilala kwenye mbao, kidogo kinapanda hewani. Ni fungu la malaika. Miaka yote wanakunywa."

"Kwa kibali cha nani?"

Mzee Zeferino akakuna kichwa. Kwa kweli hilo hakuwahi kuulizwa. Evaristo akafungua fomu ya upotevu wa mali ya umma, na kwenye nafasi ya "Wahusika" akaandika: *malaika.* Kwenye "Idadi": *haijulikani.* Kwenye "Alama za kuwatambulisha" akamtazama Mzee, Mzee akatazama dari, pua ikiwa nyekundu kama nyanya. Wakaacha wazi.

Divai ilikuwa na maelezo, basi. Chachu haikuwa nayo. Na gramu themanini na nane zilizopotea zilikuwa zimesimama katikati ya Evaristo na kile kiti.

Saa tano Bi Deolinda akaingia na tiketi. Alikuwa amekata tiketi kabisa, maana tiketi Evaristo alishaanza kuziuza kabla ya utepe, na ndoo mkononi. Akasimama mbele ya kabati, akainama, akanusa pembezoni mwa mlango wa kioo.

"Inakufa," akasema.

"Inapumzika."

"Mwanangu, hiyo ikifika Jumapili itakuwa gundi ya viatu. Fungua."

"Haiguswi na asiyeidhinishwa."

"Basi iguse wewe uliyeidhinishwa. Kunja mikono ya shati."

Evaristo akatazama mlangoni. Hakuna mtu. Akakunja.

"Toa nusu," Bi Deolinda akaamuru kutoka nyuma ya kamba ya kuzuia wageni. "Nusu, nimesema, unanyofoa kama unanyonyoa kuku! Sasa unga. Maji ya uvuguvugu. Kanda. Kanda, Evaristo, hiyo si paka."

"Na hii nusu niliyotoa? Kutupa turathi kunahitaji kibali, siku tisini."

"Rejesta inasema gramu ngapi?"

"Elfu moja na mia mbili."

"Ukirudishia unga na maji mpaka elfu moja na mia mbili, turathi yako imetimia. Hicho kingine ni nini?"

Evaristo alifikiri. Alikuwa na akili nyingi, tatizo zilikuwa zimepangwa kwenye mafaili. "Kilichozidi rejesta," akasema polepole, "si kielelezo. Kisichokuwa kielelezo ndani ya makumbusho ni... uchafu."

"Maskini," akasema Bi Deolinda, akasogeza ndoo. "Ngoja nikusaidie kutoa uchafu."

Akakaribia kuondoka, akageuka. "Hujaichora msalaba."

"Hii ni taasisi ya serikali."

"Bila msalaba haiumuki. Chora, useme 'Mungu akuongeze.'"

Basi Daktari Evaristo Quintela akachora msalaba kwenye unga kwa ubavu wa kiganja, akanong'ona, "Mungu akuongeze," masikio yakamwiva.

Alhamisi Bi Deolinda akarudi na tiketi na ndoo. Ijumaa vilevile. Asubuhi Evaristo anatoa nusu, anarudishia, anapima, anachora. Mikono ikaanza kujua yenyewe. Akajikuta usingizini anakanda mto. Na chachu ikapata rangi, ikawa nyeupe, inapumua matundu matundu, inanukia tofaa bichi.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Kijiji kizima kilikuwa kinanukia mkate. Moshi wa matawi ya mizabibu ulitoka kwenye dohani nne. Ijumaa hiyo alikunywa kahawa pale baa, akaletewa mkate wa moto wenye pembe nne na siagi, akala miwili. Halafu akakaa akatafakari kisayansi. Chachu yote ya kijiji iko kwenye kabati, ufunguo uko mfukoni mwake. Kwa hiyo kijijini hakuna mkate. Kwa hiyo alichokula si mkate. Akaagiza wa tatu, akaandika kwenye daftari: *harufu isiyo na chanzo.*

Jumapili baada ya misa mkaguzi akafika. Doutora Leonilde Falcão, naye daktari wa makaratasi, mwanamke mwembamba kama kalamu, mizani kwenye mkoba. Kijiji kilijaa ukumbini mpaka kwenye ngazi. Akapima jembe. Akapima pipa, akasoma fomu ya malaika, akagonga mhuri bila kucheka, maana wizarani walikuwa na mafaili ya ajabu zaidi. Akafika namba 14.

"Gramu elfu moja na mia mbili," akasoma. Akainama na rula. "Sentimita kumi na moja. Kamili." Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Bwana Mkurugenzi, nimekagua chachu mikoa sita. Zote zilikufa. Hii inawezekanaje?"

Hapa mtu mwenye busara angemnyooshea kidole Bi Deolinda. Lakini Evaristo alikuwa anakiona kiti kinazunguka.

"Ni mimi," akasema. "Naihudumia kwa mikono yangu."

"Peke yako?"

"Peke yangu!"

"Hawa akina mama hawajui?"

Bi Deolinda akaweka ndoo chini. "Sisi? Tumezeeka, mama. Tumesahau kila kitu." Wenzake watatu wakatikisa vichwa kwa huzuni kubwa. Mmoja alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi.

"Kwa hiyo bila wewe, Bwana Mkurugenzi, kielelezo hiki..."

"Siku mbili hakimalizi!" akasema Evaristo, kifua mbele.

Doutora Leonilde akafungua kitabu cha kanuni za makumbusho. Akalamba kidole, akafunua taratibu, akasoma kwa sauti: "Kanuni ya Tisa. Kitu chochote ambacho kisipokuwepo kielelezo hakiwezi kuendelea, kitahesabiwa kuwa sehemu ya kielelezo, na hakitahamishwa kamwe." Akamtazama juu hadi chini kama anayepima kabati. "Kanuni nzuri sana. Nani aliitunga?"

Ukumbi mzima ukajibu kwa pamoja.

"Na Lisboa?" Evaristo akauliza, sauti imebaki kidogo.

"Lisboa tutampeleka mtu anayehamishika. Panda kwenye mizani, tafadhali."

Akapanda. Kibandiko kikaandikwa palepale: *Kielelezo 14/b. Mlishaji wa chachu. Uzito kilo 84. Usiguse.* Utepe ukakatwa, watu wakapiga makofi, Mzee Zeferino akawapelekea malaika salamu kwa glasi mbili.

Tangu hapo Evaristo yuko kila asubuhi nyuma ya kamba, anakanda. Ile aproni ndiyo anaivaa, maana nayo haihamishwi. Mabasi ya watalii yanasimama. Watoto wanamtolea ulimi, naye haruhusiwi kujibu. Na saa tano Bi Deolinda anaingia na tiketi na ndoo.

"Mama," alimnong'oneza siku moja, "si uwaambie unajua? Ukijua wewe, mimi naachiwa."

"Ningewaambia, mwanangu. Ila Kanuni ya Tisa naiogopa." Akabeba ndoo yake ya uchafu. Halafu, kwa kuwa aliwahi kumfuta makamasi, akachungulia huku na huku, akampenyezea chini ya kamba mkate wa moto uliofungwa kwenye leso. Akamchorea msalaba hewani. "Mungu akuongeze," akasema.

Akawa anamletea kila siku. Wenye siagi, siku nyingine na soseji ndani.

Wakati wa mavuno ya zabibu barua ikaja kutoka Lisboa, mhuri mkubwa kama kisosi: *Ukaguzi umebaini kuwa kielelezo 14/b kimeongezeka kilo tatu bila kibali. Jaza fomu.*

Evaristo akajipangusa unga, akachukua kalamu. Kwenye "Wahusika" akaandika: *malaika.* Kwenye "Idadi": *mmoja.* Kwenye "Alama za kuwatambulisha" hakuacha wazi.

*Ana ndoo,* akaandika.