Seneta Brandvold Aomba Kipindi cha Saba, Pamoja na Maelezo Kuhusu Daraja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama katika Kaunti ya Halvor, Mama Gudrun Tollefson. Mheshimiwa Mkuu wa Polisi wa kaunti, ambaye nyota yake ya kifuani imeng'arishwa mahususi kwa shughuli hii. Mchungaji Lindquist, uliyetuombea kwa dakika kumi na saba na sasa unapumzika kwa haki kabisa. Kamanda Wendell Krumholz wa zimamoto ya kujitolea, mwenye ukumbi huu. Malkia wa Maziwa wa mwaka huu, ambaye kichwa chake kimechongwa kwa siagi na kuhifadhiwa kwenye jokofu la jikoni. Akina mama mliooka viazi na nyama. Wajumbe wa mkutano huu wa uteuzi. Nanyi mnaozungukazunguka penye birika la kahawa: hamjambo. (Hatujambo.) Yeyote ambaye itifaki imempita na ajihesabu kuwa ametajwa.

Jina langu, kama ubao ulioko barabara kuu unavyothibitisha, ni Orville T. Brandvold, Seneta wa Jimbo kwa vipindi sita mfululizo, na nimesimama mbele yenu asubuhi hii, kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu, kuomba uteuzi wa chama chetu kwa kipindi cha saba.

Nilizaliwa nyuma ya kiwanda cha siagi, mtoto wa tisa wa mnadi wa ng'ombe, na kutoka kwa marehemu baba nilirithi koo hili, ambalo nimelitoa lote kwa utumishi wa umma. (Sauti kutoka penye kahawa: "Tukurudishie." Kicheko kidogo.) Ni mimi niliyedhamini azimio lililoifanya pai ya cheri kuwa pai rasmi ya jimbo. Ni mimi niliyesimama saa nne bila kuketi kutetea udongo wa kaunti hii utambuliwe kuwa udongo rasmi, dhidi ya wajumbe wa kusini ambao, kwa kuwasema kistaarabu, wana mchanga tu. (Makofi.)

Lakini hayo ni utangulizi. Kilele cha maisha yangu ni Daraja la Kumbukumbu ya Seneta Brandvold juu ya Mto Otterbone.

(Arlene Stuckey, dereva wa basi la shule, anayeishi ng'ambo ya mto: "Kumbukumbu? Kwani umeshakufa, Orville?")

Nakushukuru, dada Arlene. Sikutaka kulisumbua bunge kwa marekebisho ya jina baada ya mazishi.

Ndugu wajumbe, mto ule una upana wa mita themanini, na nilipoingia madarakani, wenzetu wa ng'ambo walilazimika kuzunguka kwa bwawa, saa moja na dakika arobaini na tano, ili kufika hospitali, kanisani, au katika ukumbi huu. Mama mmoja alijifungua njiani, ndani ya gari la kubebea nyasi. Jambo hilo lilinigusa kiasi kwamba kila mwaka humtumia mtoto huyo kadi ya siku ya kuzaliwa, na mwaka huu ametimiza kumi na tisa. (Makofi machache. Mtu anauliza kama kadi ina magurudumu.)

Kwa hiyo tulianzisha mchakato. Ulifanyika upembuzi yakinifu mara kumi na nne, zikafuata warsha tisa shirikishi za wadau, na asilimia themanini na nane ya waliohojiwa walikubali kwamba mto ni kikwazo, huku waliosalia wakiwa hawajaelewa swali. Tulizindua msingi kwa makoleo sita ya rangi ya dhahabu, na kwa kuwa ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi, udongo uliletwa ndani ya sanduku, tukauchimba humo humo kwa heshima zote. Utepe nimeukata mara tatu, kwa mkasi mkubwa ule ambao hushikwa na watu wawili: mara ya kwanza kwa usanifu, ya pili kwa uidhinishwaji, na ya tatu kwa sababu mpiga picha hakuwepo ile ya pili. Kamanda Krumholz aliniuliza, kwa upole wake, kama gari lake la zimamoto litapita pale bila wasiwasi. Nikamjibu kwamba kamati imeidhinisha tani arobaini. Rangi ni kijani. Mwaka jana bunge lilipitisha kifungu cha kulipaka upya.

(Arlene Stuckey anasimama. Anamwomba Mwenyekiti asubiri wajumbe wa ng'ambo, wote arobaini na mmoja, ambao kila aliyemo ukumbini anajua wameapa kumuunga mkono mpinzani wa Seneta, daktari wa mifugo Corinne Dahlquist. Kisha anamgeukia Seneta: "Uliwaandikia barua, Orville. Uliwaambia leo wasizunguke, wavuke kwa daraja. Nimefika mimi peke yangu kwa sababu barabara ya bwawani naipita kila siku ya Mungu, na najua pale mtoni kuna nini.")

Niliwaandikia, naam, kila mmoja kwa jina lake, na sahihi ni ya mkono wangu. Ila tuwe waangalifu, maana sisi ni chama cha sheria. Daraja lile limetajwa katika sheria nne za jimbo hili. Lina jina, lina ubao, lina ukomo wa mwendo wa maili thelathini kwa saa. Mbele ya sheria, mjumbe anayekaa mita themanini kutoka hapa, mwenye daraja mlangoni pake, na bado akachelewa, hana udhuru. Ningependa sana kuwatetea, lakini mikono yangu imefungwa na sheria nilizozitunga mwenyewe.

(Mama Tollefson anatazama saa ya ukutani na kutamka kwamba kanuni za chama zinamlazimu. Daktari Dahlquist anahesabu waliomzunguka, midomo ikicheza, kisha anaacha kuhesabu.)

Nahitimisha. Brandvold! (Mbele!) Maendeleo! (Hayarudi nyuma!) Daraja! (Sauti tatu: "Liko wapi?")

Ndugu wajumbe, saa nne kamili imegonga. Kwa mujibu wa kanuni, milango ifungwe, na aliye nje asihesabiwe. Kura yetu, kama ilivyo desturi, ni ya miguu: wanaoniunga mkono wasogee upande wa madirisha, wanaomtaka Daktari Dahlquist wakasimame upande wa jikoni, nanyi msisogee tena mpaka Mwenyekiti amalize kuhesabu.

Nawashukuru nyote mliohudhuria. Zaidi ya wote nawashukuru ndugu zetu arobaini na mmoja wa ng'ambo, ambao nawaona kupitia dirisha hili, wamejipanga ukingoni na mavazi yao ya Jumapili, barua zangu mkononi, mbele yao maji matupu, wakinipungia ngumi kwa upendo mkubwa. Tuwapungie.