Wayahudi Wote Duniani, kwa Hesabu Yangu

Jumatatu, 13 Februari 1995

Baridi ya Minnesota, ya kung'oa masikio. Profesa wetu wa jiografia ametangaza nafasi moja ya kazi katika chumba cha ramani. Chumba kina zulia! Kina kiti! Mimi huosha masufuria katika nyumba ya wazee kule Maplewood, na mikono yangu imepauka hadi viwikoni. Kazi hii ni yangu. Ataipata atakayeeleza vizuri zaidi, Ijumaa, Wayahudi ni wangapi duniani na wanaishi wapi.

Karibu nicheke darasani. Mimi, Jairus, niliyeongoza shule ya Jumapili Vihiga nzima! Nahashon, tunayekaa naye chumba kimoja na anayeitaka kazi hiyo hiyo, amevaa makoti mawili akaenda maktaba. Aende tu. Asiyejua Biblia hana budi kusoma vitabu.

Jumanne, 14 Februari

Mpango umekamilika. Wayahudi wana majina yao, na majina yao yamo katika Biblia. Unachukua kitabu cha simu cha Saint Paul, unahesabu, unazidisha. Nimeazima kitabu kwa mwenye nyumba.

Larson. Larson. Larson. Kina Larson wa mji huu wanajaza uwanja wa mpira. Hatimaye nikampata Eliakim mmoja! Nikampigia kuhakikisha. Kumbe ni Eliakim wetu, katibu wa ushirika wa Wakenya. Akataka kujua mbona sionekani ibadani. Nikasema nina mafua.

Nikaanza upya na watu ninaowajua. Eliakim, Nahashon, Jeremiah wa ghorofa ya chini, na mimi mwenyewe. Wote wa magharibi mwa Kenya. Kwa kipimo hiki, makao makuu ya Wayahudi ulimwenguni ni Vihiga. Kuna mahali mambo hayajakaa sawa, lakini kosa si langu.

Alhamisi, 16 Februari

Kazini nilimlalamikia Brandon, kijana tunayeosha naye vyombo. Nikamwambia mji mzima sijapata Myahudi hata wa dawa. Akasema nimekuwa nikimpokeza sahani tangu Oktoba.

Brandon! Nikamwambia haiwezekani. Hakuna Brandon katika Biblia nzima, hata katika zile sura za Mambo ya Nyakati ambazo watu huziruka. Akacheka mpaka akashika sinki. Akasema kwao St. Louis Park, mtaa wa Wayahudi wengi, kina Brandon wamejaa tele.

Nikamweleza kuhusu kitabu cha simu. Hapo akaacha kucheka. Akasema, kwa upole tu, kwamba kuna watu waliowahi kuwatafuta Wayahudi kwa majina, kule Ulaya, wawaue, na katika nyumba ya nyanya yake alitoka hai nyanya peke yake. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia walikuwa zaidi ya milioni kumi na sita duniani. Leo ni kama milioni kumi na tatu.

Niliona aibu. Aibu ya kweli, si ile ya kujifanya. Kitabu cha simu nimekirudisha.

Halafu akanitajia walipo jamaa zake. Wengi Amerika, wengi Israeli, shangazi yuko Paris, binamu yuko Buenos Aires. Alisema ukiwatazama hao umeitazama dunia yote ya Wayahudi. Nikaandika yote kiganjani. Kwaheri masufuria!

Ijumaa, 17 Februari

Asubuhi shaka ikaniingia. Milioni kumi na tatu? Hiyo ni nusu ya Wakenya! Abrahamu aliahidiwa uzao kama nyota za mbinguni na mchanga wa pwani. Mchanga! Aliyeahidiwa mchanga hawezi kuishia na nusu ya Kenya. Brandon ni mtu mwema, lakini nimewahi kumwona akihesabu vijiko. Nikamwongezea sifuri mbili, kwa heshima.

Nikasimama nikatangaza bilioni moja na milioni mia tatu. Profesa akauliza kama Wachina wana habari. Darasa likaangua kicheko. Akauliza nimeitoa wapi hesabu hiyo. Nikajibu kwa sauti: Mwanzo, sura ya ishirini na mbili, mstari wa kumi na saba. Akauliza kama sina chanzo cha karibuni kidogo.

Akafuata Nahashon na karatasi zake. Milioni kumi na tatu. Marekani ya kwanza, Israeli ya pili, na katika kila Wayahudi watano karibu wanne wako katika nchi hizo mbili. Ufaransa inafuata. Urusi wanapungua, wengi wanahamia Israeli. Mambo yale yale yaliyokuwa kiganjani mwangu! Nilikuwa nayo mkononi!

Kazi kapewa yeye. Nimeumia, sifichi. Nimesonga ugali nikala nimesimama.

Jumapili, 26 Februari

Profesa ana huruma. Amenipa nafasi ya kuokoa alama zangu, maana nikifeli somo hili chuo kinanirudisha nyumbani. Nieleze Walutheri ni wangapi duniani na wako wapi. Akasisitiza niende maktaba. Akarudia kusisitiza.

Maktaba ya nini? Walutheri nimezungukwa nao. Kanisa lao liko ng'ambo ya barabara, na Mlutheri wa Minnesota hutoki naye kanisani bila bakuli la viazi na nyama lililofunikwa kwa foili. Nimeketi dirishani nahesabu mabakuli. Nitazidisha kwa makanisa ya mji, kisha kwa dunia.

Nahashon amenikuta hapa. Hakunicheka. Amenipa kadi yake ya maktaba, akanisihi niende leo hii kabla hawajafunga, akasema hatamwambia mtu. Ana roho nzuri, lazima nikiri. Nikamshukuru sana, nikaitumia kukwangua barafu kwenye kioo. Sasa mabakuli nayaona vizuri zaidi.